Kupata wahariri wa kujitolea wa makala za wanawake: nilivyofanya Mwanza, na pale nilipokwama

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa Sengerema alinipigia simu. Anataka kukusanya wenzake waandike makala za wanawake wa kanda yetu kwenye Wikipedia. Alikuwa ameshatupa tangazo kwenye magrupu matatu ya WhatsApp, watu arobaini wamejibu, na karibu wote wameuliza swali moja: posho shilingi ngapi? Nilicheka, maana na mimi nilianzia hapohapo. Tuliongea hadi bando likaisha, nikamalizia kwa kumwandikia. Niliyomwandikia ndiyo haya, nimeyanyoosha kidogo.

Nachukulia kwamba wewe mwenyewe umeshahariri makala kadhaa. Kama bado, acha kwanza kuita watu.

Hatua ya 1: Tafuta majina kabla ya kutafuta watu

Andika majina kumi ya wanawake ambao hawana makala, au wanayo ya mistari miwili. Kumi yanatosha. Orodha ya mia moja inapendeza kwenye ripoti ya mfadhili, lakini mbele ya mtu mgeni inatisha.

Zamani nilikuwa nafungua kikao kwa takwimu. Mradi wa Women in Red, wa kuongeza makala za wanawake kwenye Wikipedia, ulipoanza mwaka 2015, katika kila wasifu 100 kwenye Wikipedia ya Kiingereza, takriban 15 tu zilikuwa za wanawake. Leo ni takriban 20. Watu walitikisa vichwa, wakapiga picha ukutani, wakaondoka. Siku nyingine nikauliza tu, "Mama Mongella wa Ukerewe mnamjua?" Chumba kikachemka. Mmoja anasema alikuwa mbunge tu, mwingine anasema hapana, ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa ule mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995, wa tatu anakumbusha kwamba ndiye Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, 2004. Wakaanza kubishana, na mtu anayebishana tayari ana kazi mkononi. Mpe simu, mwambie athibitishe.

Kila jina utakaloweka kwenye orodha liwe na vyanzo vitatu hivi visivyomtegemea yeye mwenyewe: gazeti, kitabu, taarifa ya taasisi asiyoiongoza. Usipuuze hili kwa sababu mtu "anajulikana". Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, rasimu ya makala yake ilikataliwa Mei 2018 kwa hoja kwamba vyanzo vilivyowekwa havikutosha. Oktoba mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobel. Kama yeye alikwama, diwani wako wa Magu atakwama asubuhi na mapema.

Na tafuta kila jina kwa sura zake zote. Mama Mongella peke yake utamkuta kama Gertrude na kama Getrude. Mwanamke mwingine ana jina la baba yake kwenye magazeti ya zamani, la mume kwenye ya kati, na siku hizi ni "Mama Fulani" tu. Niliwahi kumtafuta mtu siku nzima nikaamua hana chanzo hata kimoja. Kumbe alikuwa na habari nne, zote kwa jina la ndoa iliyokwishavunjika. Kwa wabunge, taarifa za Bunge zinasaidia kupata tarehe na majimbo, ila usizihesabu kama ushahidi wa umaarufu: wasifu ule mtu amejaza mwenyewe.

Hatua ya 2: Waite makatibu

Hapa nina msimamo na sitaubadilisha. Kila mtu atakushauri uende chuoni ujaze basi. Wanafunzi wa uandishi wa habari pale SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, ni wazuri, nimefanya nao kazi, lakini mmoja mmoja, yule aliyekutafuta yeye. Ukibeba darasa zima, unapata makala thelathini zilizonakiliwa kutoka magazetini na cheti kimoja kila mtu.

Wanaobaki, kwa uzoefu wangu, ni makatibu: katibu wa kikoba, wa kwaya, wa kamati ya shule, wa jumuiya ndogondogo. Mwanamke aliyeandika mihutasari ya kikoba kwa miaka sita ameshafundishwa kile kinachowashinda wengi. Anaandika kilichosemwa na nani alisema, bila kuweka maoni yake, na anajua ukikosea tarakimu moja watu watakuita Jumamosi kukuuliza. Kazi ya ensaiklopidia ndiyo hiyohiyo. Walimu wastaafu wanafuata, kisha wakutubi.

Wanaume? Waje. Ila wakiwa wengi kuliko wanawake chumbani, kipaza sauti kinahama.

Anza na watu wanane.

Hatua ya 3: Ujumbe

Suala la posho liweke kwenye sentensi ya pili, usilifiche. Ukilificha, mtu atakuja akiwa ameshalipangia matumizi. Mimi natuma ujumbe wa sauti kwa mtu mmoja mmoja, si bango kwenye grupu. Kwa mtu mzima huwa hivi ("mwangaluka" ni salamu ya Kisukuma):

"Shikamoo mama. Mwangaluka. Jumamosi ijayo tunakaa watu wanane kuandika habari za wanawake wa huku kwetu kwenye Wikipedia. Posho hakuna, nauli ya kuja na kurudi ipo, chai ipo, bando lipo. Nimekufikiria wewe kwa sababu ya Mwalimu fulani, ulinisimulia habari zake. Je, utakuwa na nafasi?"

Sentensi ile ya "nimekufikiria wewe kwa sababu ya" ndiyo inayowaleta. Kama huna cha kujaza hapo, huyo mtu bado hujamjua vya kutosha kumwita.

Hatua ya 4: Akaunti (soma yote, hata kama una haraka)

Kikao changu cha kwanza walikuja kumi na saba. Tulikuwa na kipanga njia kimoja cha intaneti, chai ya saa nne imefika, nikasema kwa furaha, "Haya, kila mtu afungue akaunti." Sita wakafungua. Wa saba akakataliwa, wa nane vilevile. Nilidhani ni mtandao. Nikazima, nikawasha, nikahamia hotspoti ya simu yangu. Wakaingia wachache, kisha ikagoma tena. Saa saba mchana watu wakaanza kukumbuka kwamba wana misiba na harusi.

Sababu yenyewe ni fupi. Wikipedia inaruhusu akaunti mpya 6 tu kwa saa 24 kutoka anwani moja ya IP, yaani namba inayotambulisha intaneti unayotumia, ili kuzuia wanaofungua akaunti kwa mamia. Watu wote waliounganishwa kwenye Wi-Fi moja au hotspoti moja wanaonekana kama mtu mmoja. Hakuna mbinu ya papo hapo ya kulimaliza, kwa hiyo limalize kabla.

Njia ninayoipenda ni kila mtu afungue akaunti nyumbani kwake, kwa data yake, siku tatu kabla. Anitumie jina la mtumiaji tu, kamwe asinitumie nenosiri. Hata hivyo atakataliwa mmoja au wawili, kwa sababu kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja, na huenda watu asiowajua wameshamaliza nafasi. Mwambie azime data, awashe tena baada ya muda, au ajaribu kesho. Ndiyo maana nikasema siku tatu.

Njia ya pili ni kuomba kikomo kiondolewe kwa muda. Ombi linapelekwa Phabricator, tovuti ya maombi ya kiufundi ya Wikipedia, mapema, likiwa na tarehe, idadi ya watu, Wikipedia ya lugha mtakayotumia na anwani ya IP ya ukumbi. Tatizo kwetu ni hiyo anwani: kumbi nyingi zinatumia intaneti ya laini ya simu, na anwani hubadilika. Muulize fundi wa ukumbi kama anwani yao ni ya kudumu. Akikuuliza "anwani gani?", umeshapata jibu, rudi njia ya kwanza.

Kisha kuna VPN, programu inayoficha anwani yako ya IP. Watu wengi siku hizi wanayo kwenye simu, na wengine hawajui kwamba imewashwa, aliwawekea mtoto. Wikipedia inazuia uhariri kupitia VPN hata kama umeingia kwenye akaunti yako. Ujumbe unaotokea ni mrefu, unasema umezuiwa, na mama mmoja kwangu alidhani ameshtakiwa kosa la mtandao. Aliweka simu chini kabisa, akafunika na mtandio. Kwa hiyo kabla ya mtu kugusa chochote: "Zimeni VPN zote," kisha pita ukiangalia alama juu ya kioo, simu kwa simu.

Baruapepe nayo. Si lazima, lakini bila baruapepe ukisahau nenosiri akaunti imekwenda. Na baruapepe za wengi zilifunguliwa na kijana aliyewauzia simu pale mjini. Wenyewe hawajui hata zinaandikwaje. Usikubali "weka tu ile ya kwenye simu." Mfungulie mpya, aandike nenosiri kwenye daftari. Daftari, ndiyo. Wataalamu wa usalama watanuna, lakini daftari kabatini halijawahi kuniangusha kama kumbukumbu za watu zilivyoniangusha.

Jina la mtumiaji lisiwe namba ya simu, lisiwe jina la kikundi (akaunti ni ya mtu mmoja), na si lazima liwe jina halisi. Kwa wanawake mimi nashauri lisiwe.

Mwisho: Wikipedia ya Kiingereza haimruhusu mgeni kuanzisha makala moja kwa moja hadi akaunti ifikishe siku 4 na mahariri 10. Mwenye hamu ya kuandika Kiingereza aanze mapema zaidi.

Hatua ya 5: Ukumbi

Penye meza, choo safi na soketi za kutosha. Karibu na kituo cha daladala.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Usianze na makala mpya. Kila mtu aongeze sentensi moja yenye chanzo kwenye makala iliyopo, aihifadhi, aione hewani. Uso hubadilika pale. Tumia kihariri cha kuonekana, kile kinachofanana na kuandika barua. Anayekuambia wageni waanze na msimbo hajawahi kufundisha mtu wa miaka sitini. Akaunti mpya ikiweka kiungo cha nje itaombwa kuthibitisha kwamba si roboti, waambie mapema wasishtuke.

Zana ya kutafsiri sishauri kwa mgeni. Inatoa Kiswahili cha kwenye maelekezo ya dawa, na wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia ya Kiswahili, wamechoka kukisafisha. Picha za Facebook marufuku, hata kama ni za mhusika mwenyewe. Mwenye haki ni aliyepiga. Na hakuna kuandika habari za shangazi yako. Mpe jirani chanzo, aandike yeye, wewe umwandikie wa kwake.

Hatua ya 7: Wiki inayofuata

Siku mbili tatu baadaye, makala moja itawekewa alama ya kufutwa. Mhariri wako ataiona usiku, peke yake, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mimi hukagua orodha ya michango ya wote wanane kila jioni kwa siku kumi. Nikiona alama, napiga simu kabla hajaiona: "Mama, usiogope, wanataka chanzo kimoja zaidi. Lile gazeti ulilolisema bado unalo?"

Yule dada wa Sengerema kesho anaanza na watano. Nimemwambia atangulie kuzima VPN yake mwenyewe.