Leseni ya bima na ya hisa Marekani: mtihani upi unaanza nao kabla hujapata kazi

Watu wengi wanaotaka kuingia kwenye bima au hisa huku Marekani wanapoteza miezi kwa kitu kimoja tu, hawajui ni mtihani upi mtu anajisajili mwenyewe na ni upi lazima kampuni ikudhamini, kwa hiyo wanakaa kusubiri waajiriwe ndo waanze kusoma, wakati anayeitwa kwenye intavyuu ni yule ambaye keshafaulu kitu. Ngoja niwapangie vile ambavyo ningetamani mtu angenipangia mimi.

Bima ndo rahisi kuanza peke yako. Leseni yake haitoki serikali kuu, inatoka kwenye jimbo unaloishi, na sheria ya McCarran-Ferguson ya 1945 ndo inayoyaachia majimbo kazi hiyo ya kusimamia bima. Maana yake kwako ni kwamba usilipie darasa lolote kabla hujafungua tovuti ya idara ya bima ya jimbo lako, kuna majimbo yanadai saa kadhaa za darasa kabla ya mtihani na mengine hayadai hata moja, kwa hiyo alichofanya binamu yako jimbo lingine kisikupotoshe. Kisha chagua aina: maisha na afya, au mali na ajali (nyumba, magari, biashara). Kama una mpango wa kuja kuuza na hisa, mimi nakushauri uanze na ya maisha, kwa sababu zile bima za maisha na anuiti (mkataba ambao kampuni ya bima inakulipa pesa kidogo kidogo, mara nyingi uzeeni) ambazo thamani yake inapanda na kushuka na soko, kuziuza kunataka leseni zote mbili, ya bima na ya hisa.

Ukishafaulu unapeleka maombi onlaini, majimbo mengi kupitia NIPR (mfumo wa pamoja wa kuombea leseni za bima), na sehemu nyingi utachukuliwa alama za vidole. Alafu jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema: leseni peke yake haikupi ruhusa ya kuuza bima ya kampuni yoyote unayoitaka, kwa kawaida lazima kampuni yenyewe ikuteue kuwa ajenti wake.

Kusoma sasa. Usikariri, fanya hesabu. Mfano kwenye mtihani wa mali na ajali kuna kile kifungu cha asilimia 80 kinachowaangusha watu: nyumba ina thamani ya dola 200,000, mkataba unataka iwe na bima ya angalau asilimia 80, yaani 160,000, mwenyewe kaikatia 120,000 tu, moto ukala dola 40,000. Wengi wanajibu atalipwa 40,000 kwa sababu ziko chini ya 120,000. Hapana. Unagawa alichokata kwa alichotakiwa kukata, 120 kwa 160 ni robo tatu, kwa hiyo analipwa 30,000, na hapo bado hujatoa ile sehemu anayobeba mwenyewe kila akidai. Rudia hesabu hiyo na namba tofauti mara kumi na haitakutoka. Na itakusaidia kazini pia, maana siku moja utakaa mbele ya mama wa watu ambaye jiko lake limeungua na hajui kwa nini hundi imekuja pungufu, ni kazi yako kuwa ulimweleza siku anasaini.

Upande wa hisa msimamizi ni FINRA, chombo kinachosimamia kampuni na watu wanaouza hisa, na mlango ni mtihani wa msingi unaoitwa SIE. Huu unataka tu uwe na miaka 18 au zaidi, na huhitaji mwajiri, tangu ulipoanza Oktoba 2018. Maswali yanayohesabiwa ni 75, yanachanganywa na mengine 10 ya majaribio ambayo huwezi kuyatambua, muda ni saa 1 na dakika 45, na alama ya kufaulu ni 70. Weka nguvu kwenye bidhaa na hatari zake, yaani hisa, hatifungani, mifuko ya pamoja, opsheni (haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa), hiyo peke yake ni asilimia 44 ya mtihani. Mtihani ni wa Kiingereza, ila mimi kilichonisaidia ni kujielezea kila kitu kwa Kiswahili kwa sauti: nimenunua haki ya kununua hisa kwa 50, nimelipia 3, basi mpaka bei ipite 53 bado sijapata faida. Ukishindwa kulisema kwa lugha yako bado hujalielewa.

SIE haikuruhusu kuuza chochote, matokeo yake yanaishi miaka minne, na ndani ya muda huo utafute kampuni ikufungulie fomu ya U4, ile ya kukusajili FINRA, ili ufanye Series 7, mtihani wa kuuza karibu kila aina ya hisa na hatifungani, maswali 125, kufaulu ni 72, au Series 6 kama utauza mifuko ya pamoja na zile bima na anuiti zinazofuata soko tu. Series 63 (sheria za hisa za majimbo) na 65 (ya washauri wa uwekezaji) unaweza kufanya bila mdhamini.

Kwenye U4 sema ukweli wote, tafadhali. Inauliza kesi, inauliza kufilisika, inauliza madeni ya mahakama ambayo hujalipa. Kosa la zamani ulilolieleza mara nyingi linazungumzika, lakini kuficha kitu muhimu kwa makusudi kunaweza kukufungia kazi hii kabisa.

Na jina. Sisi wenye majina matatu tuangalie sana, mimi niliwahi kurudishwa mlangoni siku ya mtihani kwa sababu nilijisajili kwa majina yasiyolingana na kitambulisho, nikapoteza ada na siku ya kazi. Jisajili vilevile kama kitambulisho kilivyoandikwa.

Ukifeli SIE unasubiri siku 30, ukifeli tena 30, ukifeli mara ya tatu ni siku 180, kwa hiyo usirudie haraka haraka kwa hasira. Karatasi ya matokeo inakuonyesha sehemu uliyokuwa dhaifu, anzia hapohapo kesho yake asubuhi.