Kufungasha Programu ya Java kwa Ajili ya Linux

Faili ya jar (faili moja iliyobeba msimbo wa programu ya Java) peke yake haitoshi kumpa mtumiaji, kwa kuwa inamtaka awe tayari na Java ya toleo linalofaa, na asiyekuwa nalo huishia kuona ujumbe wa kosa asiouelewa. Kwa sababu hiyo napendekeza jpackage, zana iliyothibitishwa rasmi katika JDK 16 (seti ya zana za kuundia programu za Java) mwaka 2021, ambayo hufunga programu pamoja na Java yake katika kifurushi kimoja cha deb (kwa Debian, Ubuntu na jamaa zake) au rpm (kwa Fedora, Red Hat na jamaa zake).

Kazi hii ifanyike kwenye Linux yenyewe, maana jpackage haitengenezi kifurushi cha mfumo mwingine. Kwa deb hakikisha kwanza zana za fakeroot na dpkg-deb zimesakinishwa. Kwa rpm, rpmbuild. Weka jar ya programu na maktaba zake katika folda ya peke yake (katika mfano huu inaitwa faili, na programu inaitwa bohari), kwani kila kilichomo humo kitaingia kwenye kifurushi, yakiwemo mabaki ya majaribio yako. Kisha toa amri hii:

jpackage --type deb --name bohari --app-version 1.0.0 --input faili --main-jar bohari.jar --main-class mfano.Kuu --linux-shortcut --dest matokeo

Ukitaka kupunguza ukubwa, orodhesha moduli (sehemu za Java) zinazohitajika kwa kutumia zana ya JDK iitwayo jdeps, yaani jdeps --print-module-deps, halafu uzitaje kwenye --add-modules. Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu jdeps husoma tu utegemezi ulioandikwa wazi katika msimbo, wala haioni moduli zinazoitwa programu ikiwa tayari inaendeshwa. Mfano mzuri ni jdk.localedata, moduli yenye data za lugha mbalimbali: ukiisahau, programu itafunguka bila kosa lolote, lakini majina ya siku na miezi hayatatokea katika lugha aliyoichagua mtumiaji, ikiwa si Kiingereza.

Jaribu kifurushi kwenye mashine isiyo na Java kabisa, la sivyo Java ya mashine yako inaweza kuficha upungufu. Kisakinishe kwa sudo apt install ./ ikifuatwa na jina la faili, kwa kuwa apt huleta pia vifurushi vinavyotegemewa, jambo ambalo dpkg -i hailifanyi. Programu itakaa ndani ya /opt/bohari, nayo huanzishwa kwa /opt/bohari/bin/bohari. Folda hiyo ni mali ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), na mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika humo, kwa hiyo hakikisha msimbo wako unahifadhi mipangilio na data katika folda ya nyumbani ya mtumiaji.