Kupanga likizo ya pwani ya Adriatiki na nchi za Balkani kwa anayetoka Arusha au Moshi

Watu wengi wa huku kwetu wanaotaka kwenda kupumzika kwenye pwani ya Bahari ya Adriatiki huanza kwa kuchagua miji: Dubrovnik ya Kroatia kwa ajili ya kuta zake, Kotor ya Montenegro kwa ajili ya ghuba yake, Mostar ya Bosnia kwa ajili ya daraja lake. Nami nilifanya hivyo mara ya kwanza, na ndiyo sababu naandika mwongozo huu kwa mpangilio mwingine. Kwa mwenye pasi ya Tanzania, safari hii hupangwa kwanza kwa mipaka, kisha kwa miji. Kutoka Split nchini Kroatia hadi Shkodër nchini Albania ni karibu kuliko kutoka Moshi hadi Dar es Salaam, lakini ndani ya umbali huo msafiri anaweza kukanyaga Kroatia, Bosnia na Herzegovina, Montenegro na Albania, na kila mpaka una masharti yake.

Jambo la kuelewa kabla ya lolote ni kwamba Italia, Slovenia na Kroatia zimo katika eneo la Schengen, ambako viza moja inatosha, na ukishaingia hukaguliwi tena kwa kawaida unapovuka kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kroatia ilijiunga na eneo hilo tarehe 1 Januari 2023, na siku hiyo hiyo ikaacha sarafu yake ya kuna na kuanza kutumia euro. Kwa hiyo mwongozo wowote unaokuambia ubadilishe fedha kuwa sarafu ya kuna umepitwa na wakati na usiutegemee hata kwa mambo mengine. Bosnia na Herzegovina, Montenegro, Albania, Serbia, Kosovo na Makedonia Kaskazini ziko nje ya Schengen. Ukitoka Kroatia kwenda mojawapo ya nchi hizo umetoka Schengen, na kurudi ni kuingia upya.

Hapo ndipo stika ya viza inapokuwa na uzito. Katikati ya stika hiyo kuna sehemu inayoonyesha idadi ya mara unazoruhusiwa kuingia, ambapo utakuta imeandikwa 01, 02 au MULT (yaani mara nyingi), na kando yake idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Isome siku hiyo hiyo unayopokea pasi. Mimi sikuisoma. Wakala aliyenipangia safari alikuwa ameweka usiku mbili za Mostar katikati ya Split na Dubrovnik, nami nikalipa kila kitu nikiwa na furaha. Asubuhi ya safari, katika kituo cha mabasi cha Split, dereva alikuwa akikagua pasi za abiria mmoja mmoja kabla ya kufunga buti la mizigo. Alipofika kwangu aliweka kidole juu ya ile 01, akanitazama, akatikisa kichwa, kisha akanishushia begi langu taratibu na kuliweka chini kwenye lami. Alinitendea haki, kwa sababu Bosnia hudai viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi, na hata kama ningepita, Kroatia isingenipokea tena. Fedha za hoteli ya Mostar zilipotea, na tangu hapo sijapanga safari ya mtu yeyote bila kuuliza kwanza kuhusu stika.

Kwa hiyo, ukipewa viza ya kuingia mara moja, baki ndani ya Schengen wala usijione umepunjwa, kwa kuwa sehemu kubwa na nzuri ya pwani iko humo. Unaweza kuanzia Trieste nchini Italia, ukapita Piran kwenye pwani fupi ya Slovenia, ukashuka rasi ya Istria hadi Rijeka, kisha Zadar, Split na visiwa vyake, na kumalizia Dubrovnik. Zamani hapo mwishoni palikuwa na kikwazo, kwa kuwa Bosnia ina kipande chake cha pwani katika mji wa Neum ambacho kinaikata Kroatia sehemu mbili. Tangu tarehe 26 Julai 2022 kuna daraja la Pelješac, lenye urefu wa mita 2,404, linalopita juu ya bahari na kukufikisha Dubrovnik bila kugusa Bosnia. Hata hivyo, unaponunua tiketi ya basi uliza kwa maneno yaliyo wazi kama basi hilo linapita darajani au linapita Neum, na usikate tiketi mpaka upate jibu.

Ukipewa MULT, milango zaidi hufunguka. Montenegro na Serbia hupokea wageni wenye viza hai ya Schengen bila kuwadai viza nyingine, Bosnia hufanya hivyo kwa wenye MULT, na Albania huongeza sharti kwamba viza hiyo ya MULT iwe imekwisha kutumika angalau mara moja katika eneo la Schengen. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo uandikie ubalozi wa kila nchi unayokusudia kuingia, kisha uchapishe majibu yao na kuyabeba pamoja na pasi. Kuna onyo jingine ambalo wengi hulipata wakiwa wamechelewa: ukiingia Kosovo kupitia Albania au Makedonia Kaskazini, usijaribu kuendelea moja kwa moja hadi Serbia, kwa maana Serbia haitambui kuingia kwako kwa njia hiyo na inaweza kukukatalia. Kwa likizo ya kwanza, mimi ningeliacha pembe hilo na kufuata bahari.

Maombi yenyewe huanza mapema. Sheria inaruhusu kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15; kwa anayeishi kaskazini mwa nchi, miezi mitatu ni ya busara, kwa sababu utalazimika kwenda mwenyewe Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Alama hizo hutunzwa kwa miezi 59, hivyo ukiwa umewahi kuzitoa ndani ya muda huo, sema. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Si kila nchi ya Ulaya ina ubalozi Tanzania, na baadhi huwakilishwa na nyingine. Uliza ni nani anayepokea maombi ya Kroatia au Slovenia kabla hujapanda basi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibakiwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu.

Katika barua ya maombi eleza waziwazi kwamba unaomba kuingia mara nyingi, na uambatanishe ratiba ya siku kwa siku inayoonyesha ni lini unatoka kwenda Montenegro na ni lini unarudi. Afisa anayesoma ratiba kama hiyo anaona sababu. Asiyeiona hukupa 01. Mwajiriwa aambatanishe barua ya ruhusa ya likizo, mfanyabiashara leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, na wote taarifa za benki za miezi kadhaa. Fedha nyingi zilizoingia kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi huzua mashaka kuliko salio dogo linalotembea kila mwezi. Bima ya safari sharti ifikie euro 30,000 na iwe halali Schengen nzima, lakini wewe hakikisha imetaja pia nchi za nje ya Schengen utakazopita, kwa sababu bima nyingi za viza huishia mpakani. Mwisho wa yote, usilipie tiketi ya ndege isiyorudishiwa fedha kabla viza haijatoka. Weka nafasi tu.

Kuhusu majira, ushauri wangu unatokana na kazi za watu wa hapa. Julai na Agosti pwani ile hufurika, bei za vyumba hupanda na foleni za mpakani huwa ndefu, na hiyo ndiyo miezi ambayo Arusha na Moshi nazo zimejaa wageni, hivyo waongozaji, madereva, wapishi wa milimani na wenye hoteli hawana nafasi ya kuondoka. Wao wanapumua wakati wa masika. Basi Mei ni mwezi wao: jua lipo, maua yamechanua, bei ni ya wastani, na maji ya bahari, ingawa bado ni ya baridi kwa aliyezoea Tanga, yanaogeka mchana. Beba koti lile la Julai la Arusha kwa ajili ya jioni. Anayeweza kusafiri Septemba atapata bahari yenye joto zaidi na watu waliopungua. Majira ya baridi kuna upepo wa nchi kavu uitwao bura, unaoshuka kwa nguvu kutoka milima ya Velebit na kufunga barabara na safari za meli, nami simshauri mtu kwenda kisiwani wakati huo.

Kutoka KIA hakuna ndege ya moja kwa moja hadi huko. Utaunganisha katika miji kama Istanbul, Doha au Amsterdam. Tafuta tiketi inayokushusha mji mmoja na kukuchukua mji mwingine, kwa mfano kufikia Zagreb na kuondokea Dubrovnik, ili usipoteze siku nzima ukirudi ulikotoka. Ukishafika, mabasi ndiyo usafiri mkuu wa pwani, kwani treni haifiki Dubrovnik. Andaa sarafu za euro moja au mbili kwa ajili ya begi linalowekwa kwenye buti, kwa sababu mara nyingi hulipiwa papo hapo. Anayekodi gari akumbuke kwamba huko huendeshwa upande wa kulia, na aombe kwa maandishi kibali cha kuvuka mpaka pamoja na bima yake.

Siku kumi na nne zinatosha vituo vinne au vitano, si tisa. Dubrovnik ipe siku mbili: lala Gruž au Lapad nje ya kuta, ambako bei ni nafuu, kisha upande kutani saa mbili asubuhi, kabla meli za kitalii hazijamwaga watu. Kuta zina mzunguko wa mita 1,940, na kiingilio hupita euro 30, kwa hiyo si mahali pa kupita kwa haraka. Split hailipiwi chochote kuitazama, kwa kuwa watu bado wanaishi ndani ya kasri la Mfalme Diocletian wa Roma, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya nne, na nguo zao zimeanikwa baina ya nguzo zake. Kutoka Dubrovnik hadi Kotor ni kama kilomita 90, karibu sawa na Moshi hadi Arusha, lakini katikati kuna mpaka, na aliyewahi kukwama kwenye foleni ya mpaka wa Holili siku ya kuamkia Krismasi atajua kwa nini naomba utenge nusu siku. Huko Kotor kuna ngazi takriban 1,350 za kupanda hadi ngome iliyo juu ya mji, beba maji.

Mostar nilifika safari ya pili. Daraja lilikamilika mwaka 1566, likabomolewa kwa mizinga tarehe 9 Novemba 1993, likajengwa upya na kufunguliwa 2004. Mawe yake yamelainishwa na nyayo hadi yanateleza, na ndiyo sababu yamewekewa vizuizi vya kukanyagia, ambavyo unavihisi chini ya kiatu kabla hujaviona. Hapo ule ćevapi, nyama iliyosagwa na kuchomwa kwa mkaa, ndani ya mkate wa somun na kitunguu kibichi. Mla nyama choma wa Arusha hatahitaji kufundishwa. Waislamu watapata chakula halali bila shida, na Wakatoliki wa Moshi watapenda kujua kwamba Medjugorje, mahali pa hija tangu 1981, iko karibu, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Treni ya kwenda Sarajevo huchukua kama saa mbili na hufuata mto Neretva kwa sehemu ya safari, na ukiweza kukaa dirishani, kaa. Jambo moja la hatari kweli: Bosnia bado ina mabomu ya ardhini yaliyobaki kutoka vita vya 1992 hadi 1995, hivyo ukitembea mashambani au milimani usiache njia iliyokanyagwa.

Shilingi haibadilishwi huko, kwa hiyo nunua euro benki kabla ya kuondoka. Montenegro na Kosovo nazo hutumia euro, ingawa hazimo katika Umoja wa Ulaya. Bosnia hutumia marka, ambayo thamani yake imefungwa kwenye 1.95583 kwa euro moja, na Albania hutumia lek. Mashine ya fedha ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi au kwa fedha ya nchi hiyo, chagua ya nchi hiyo. Laini ya simu ya Kroatia haitakusaidia kwa bei ile ile ukishavuka kwenda Bosnia au Montenegro. Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi zao za matundu mawili ya duara, na adapta ni rahisi kuipata hapa Arusha kuliko usiku wa manane katika kisiwa cha Vis. Viatu vya mpira vya kuogelea si anasa, kwa sababu fukwe ni za kokoto na kwenye miamba kuna viumbe vyenye miiba mirefu myeusi inayokatikia mguuni.

Katika nchi kadhaa kati ya hizi za nje ya Schengen, kama Bosnia, Montenegro na Serbia, mgeni hutakiwa kuandikishwa polisi muda mfupi baada ya kufika. Hoteli hufanya hivyo yenyewe, lakini ukipanga chumba kwa mtu binafsi, mwombe akuandikishe na akupe karatasi, kisha uiweke ndani ya pasi mpaka uvuke mpaka. Na marka zitakazobaki mfukoni zitumie kabla hujaondoka Bosnia. Mimi zangu za mwisho nilinunulia džezva, kibirika cha shaba chenye mpini mrefu, ambacho sasa natumia kuchemshia kahawa ya Kilimanjaro.