Kabla Hujabadili Mlo kwa Ajili ya Kisukari: Mambo ya Kuzingatia

Anza na dawa, sahani itafuata. Wengi huamua kupunguza chakula siku ileile wanapoona majibu mabaya ya kipimo, wakasahau kwamba dozi wanayotumia ilipangwa kulingana na chakula walichokuwa wakila. Kwa anayetumia metformini peke yake, hatari ya sukari kushuka kupita kiasi ni ndogo. Lakini kwa anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge vinavyolilazimisha kongosho kutoa insulini, kama glibenklamaidi na gliklazaidi, kupunguza wanga huku dawa ikibaki vilevile ni kujitafutia matatizo. Dapagliflozini na empagliflozini, vidonge vinavyoitoa sukari kwa njia ya mkojo, zina hatari yake ya pekee: ukiacha wanga karibu wote, asidi ya ketoni, inayotokea mwili unapochoma mafuta badala ya sukari, inaweza kujaa mwilini hata kama namba kwenye mashine haitishi. Ndiyo maana daktari aujue mpango wako kabla hujaanza.

Ukiwa kwake, omba macho na figo vichunguzwe. Sukari iliyokuwa juu kwa muda mrefu ikishushwa ghafla, madhara yaliyokwisha kuanza kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, yanaweza kuongezeka kwa kipindi fulani. Kuhusu figo, zikiwa zimedhoofika, kiasi cha protini kinahitaji ushauri, na ile chumvi mbadala yenye potasiamu, inayosifiwa kwa wenye presha, inaweza kumdhuru mwenye figo hizo.

Jambo la tatu ni dharura. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, yaani 70 mg/dL, unahitaji gramu 15 hivi za sukari inayoingia haraka kwenye damu: vidonge vya glukosi, au mililita 150 za juisi. Subiri dakika 15, pima tena, rudia ikiwa bado iko chini. Chokoleti haifai hapa, kwa sababu mafuta yake huichelewesha sukari. Walio karibu nawe wafundishwe pia, na wajue kwamba aliyepoteza fahamu halishwi wala hanyweshwi kitu. Huitiwa msaada wa haraka.

Sasa sahani. Kipimo rahisi ni sahani ya sentimita 23 hivi: nusu yake mboga zisizo na wanga mwingi, robo protini, robo wanga. Robo hiyo ya mwisho ndiyo yenye ubishi. Wali, mkate, viazi na matunda vyote vina wanga, na hakuna ulazima wa kuviacha kabisa. Linaloamua zaidi ni kiasi, na kama nyuzinyuzi zimebaki. Tunda zima ni bora kuliko juisi yake. Maharage na dengu vina wanga pia, ila husagika polepole. Kuanza na mboga na protini, wanga ukaja mwishoni, hupunguza kasi ya sukari kupanda, na hakugharimu chochote. Asali, kwa wanaoulizia kila mara, ni sukari.

Dukani, soma jumla ya wanga kwenye lebo, usiishie kwenye mstari wa sukari. Biskuti iliyoandikwa “haina sukari” bado ni unga. Binafsi naona vyakula vingi vinavyouzwa kama “maalumu kwa wenye kisukari” havistahili bei yake. Angalia na chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, na sehemu kubwa hujificha kwenye vyakula vya viwandani. Kama unakunywa pombe na unatumia insulini, usinywe bila kula. Sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye, hata ukiwa usingizini.

Mwisho, andaa daftari. Pima kabla ya kula na saa mbili tangu ulipoanza kula, ukiandika ulichokula na kiasi chake. Kwa watu wazima wengi malengo ni 4.4 hadi 7.2 mmol/L kabla, na chini ya 10 baada. Kwa mjamzito ni makali zaidi, na kwa mzee dhaifu hulegezwa. Usikimbilie kurudia HbA1c, kipimo cha damu cha wastani wa sukari, baada ya wiki mbili, kwa kuwa kipimo hicho huonyesha hali ya miezi miwili hadi mitatu. Katika wiki hizo za mwanzo, daftari ndilo litakalomwonyesha daktari kama dozi inahitaji kupunguzwa.