Ukitaka Kumwandika Galileo, Anza na Maji ya Bamvua

Hadithi yangu ya kwanza yenye sayansi ndani yake ilizamishwa na ami yangu kabla kahawa haijapoa. Tulikuwa barazani Kibokoni, Mombasa, mimi nasoma, yeye amefumba macho. Nikafika pale mhusika wangu anapovuka mwambani kwa miguu, saa kumi alasiri, mwezi ukiwa siku ya kumi na nne. Ami akafumbua jicho moja.

"Avuka vipi? Mwezi mpevu ni bamvua, maji makubwa. Bamvua hapa petu maji hujaa saa kumi, hukauka saa nne. Huyo wako ashakufa maji."

Tangu siku hiyo naandika hivi.

Kwanza chukua kitu kimoja ambacho msomaji anaweza kukigusa. Achana na mashimo meusi kwa sasa. Shuka ufukweni Mlango wa Papa na kipande cha mkaa, tia alama kwenye jiwe pale maji yalipofika, kisha ukae. Kesho rudi saa ile ile. Utakuta maji yako nyuma kwa kama dakika hamsini, kwa kuwa mwezi nao umesogea. Andika unachokiona: mwani unaonuka, kaa wanaokimbilia matunduni, ngalawa iliyolala ubavu. Hizo ndizo sentensi zako. Hesabu zibaki daftarini.

Kisha mtafute aliyekosea. Hapa ndipo mimi hukaa wiki nzima, maana hadithi ya mwanasayansi aliyepatia haina chumvi. Katika kitabu chake cha 1632, kilichochapishwa Florence, Galileo, mwanasayansi wa Italia, alitaka kujaa na kupwa kwa bahari kuwe ushahidi kwamba dunia inazunguka. Alitoa mfano wa mashua zinazopeleka maji ya kunywa Venice: mashua ikienda kasi au ikigota, maji yaliyomo humwagikia huku na huku. Bahari nayo, alisema, hutikiswa hivyo na mwendo wa dunia. Mnajimu Mjerumani Johannes Kepler alikuwa ameshaandika mwaka 1609 kwamba mwezi ndio unaovuta maji, na Galileo akashangaa mtu mwenye akili kama ile kuamini nguvu za kichawi. Tatizo ni kwamba mtikiso wake ungejaza maji mara moja kwa siku. Mvuvi yeyote wa Mombasa anajua ni mara mbili. Galileo alijaribu kuliziba pengo hilo kwa kusingizia umbo na kina cha bahari, na kwangu kule kuhangaika kwake ndiko kwenye utamu.

Mlete sasa hapa mjini, lakini kwa tarehe. Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa, aliiteka Ngome ya Yesu kutoka kwa Wareno Agosti 1631, kabla kitabu kile hakijatoka. Kwa hiyo ukimpa askari wa Kireno kitabu cha Galileo mkononi pale Ngomeni mwaka 1630, umeharibu. Ila Galileo alikuwa ameiandika nadharia hiyo katika waraka wa mwaka 1616, ukasomwa kwa nakala za mkono. Huo ndio upenyo wako. Askari hajasoma, amesikia kwa mtu aliyesikia, tena amesikia nusu.

Mkalishe na nahodha. Nahodha anajua maji yatajaa lini, hajui kwa nini. Mreno ana "kwa nini", nayo ni mbovu. Usikubali hata mmoja wao ashinde. Maelezo yaliyosimama aliyatoa Isaac Newton mwaka 1687: mwezi huvuta zaidi maji yaliyo upande wake kuliko unavyoivuta dunia, na yale ya upande wa pili huvutwa kidogo kuliko dunia yenyewe, yakabaki nyuma. Ndiyo maana hujaa pande mbili. Jua likipangana na mwezi, ni bamvua. Likivuta kutoka ubavuni, ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kukauka sana. Wewe unayajua haya, wahusika wako hawayajui. Neno "mvutano" likimtoka nahodha mdomoni, lifute. Hata "dakika tano" mimi huifuta. Naandika "kadiri ya kumenya nazi mbili".

Ukichoka na maji, kuna saa ya ukuta. Mwaka 1672 mnajimu Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta kama sisi, akaona saa ya timazi, ile yenye uzito unaobembea, iliyorekebishwa Paris inachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Ilibidi aifupishe timazi yake. Mpe mfanyabiashara wa Ndia Kuu saa ya namna hiyo na fundi anayeshukiwa wizi. Yatakayofuata utayaona mwenyewe.

Mwisho, usimsomee mwalimu wa fizikia kwanza. Msomee mtu wa bahari, kwa sauti. Hadithi ya nahodha na Mreno nilimsomea ami mwezi uliopita. Hakufumbua jicho hata mara moja, nikadhani kalala. Nilipomaliza akauliza, "Na ile ngalawa iliyolala ubavu, ni ya nani?"