Somo: Nahau za Kiingereza na visa vilivyozizaa

Wengi hukariri nahau za Kiingereza kama majibu ya mtihani, ndiyo maana mtihani ukipita nazo zinapita. Leo twende kwa njia ya visa.

Hatua ya 1. Soma sentensi nzima kwanza, ujiulize msemaji ana hasira, anatania au analalamika. "She read him the riot act" haina habari za kusoma chochote. Kuna mtu kakaripiwa, kaambiwa hii ndiyo mara ya mwisho.

Hatua ya 2. Tafuta tukio. Hapa ndipo penye utamu. Riot Act ilikuwa sheria hasa, ilianza kutumika Uingereza Agosti 1715. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, hakimu alisimama mbele yao na kusoma kwa sauti tangazo la mfalme linalowaamuru watawanyike. Walipewa saa moja. Waliobaki baada ya hapo walikabiliwa na adhabu ya kifo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1973, ila watoto wake bado tunao: Kanuni za Adhabu za Tanzania na Kenya zina kifungu cha tangazo la kutawanya wenye ghasia, na idadi ni ileile, 12. Mkoloni alifungasha virago, makabrasha akayaacha.

Kisa kingine ni cha "steal my thunder". Mwaka 1709, John Dennis alibuni njia mpya ya kutoa mlio wa radi jukwaani, kwa ajili ya tamthilia yake pale Drury Lane, London. Tamthilia haikuvuta watu, ikaondolewa. Baadaye akaenda palepale kutazama tamthilia ya Macbeth, akasikia radi yake inanguruma! Akapayuka kwamba wamemwibia. Siku hizi husemwa mtu akikuwahi kwa jambo lako na sifa akazoa yeye.

Hatua ya 3. Kisa kikinoga kupita kiasi, kitilie shaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilizagaa barua pepe ikidai kwamba "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa kupindukia, ilitokana na paka na mbwa waliolala juu ya mapaa ya nyasi, mvua ikawaporomosha. Uzushi mtupu. Aliyekulia nyumba ya makuti anajua mbwa hana shughuli huko juu.

Hatua ya 4. Itafutie nahau mwenzake ya Kiswahili, yenye uzito uleule.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. "Turn a blind eye" ndiyo kufumbia macho? Na Nelson anaingiaje?

Marahaba. Ndiyo hiyohiyo. Nelson alikuwa kamanda wa jeshi la majini la Uingereza. Inasimuliwa kwamba kwenye vita vya Copenhagen, 2 Aprili 1801, mkuu wake Hyde Parker alipandisha bendera za kuamuru mapigano yasitishwe. Nelson akaweka darubini kwenye jicho lake la kulia, lililokuwa halioni, akasema haoni ishara yoyote. Akaendelea kupigana, na akashinda. Kisa hicho ndicho kilichoupa msemo umaarufu.

Ticha, mambo? Naomba ruhusa kazini niende msibani. Naweza kuandika "my uncle kicked the bucket"?

Poa, na pole sana kwa msiba. Usithubutu! Ni sawa na kumwandikia bosi kwamba mjomba kadanja. Andika "passed away".