Sarufi ndani ya rolex: kufundisha aya na insha ya Kiswahili kwa mwaka wa kwanza, Uganda

Mwongozo huu ni kwa mwalimu aliyekabidhiwa darasa la Kiswahili la mwaka wa kwanza katika chuo cha hapa Uganda: ukumbi umejaa, vitabu vya kiada havitoshi, na muhula utakwisha kabla hujamaliza nusu ya muhtasari. Katika karatasi, hali ni nzuri. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umekifanya kuwa somo la lazima miaka miwili ya mwanzo. Darasani utakuta jambo tofauti. Mmoja amekisoma miaka minne, jirani yake hajawahi kukisoma hata siku moja kwa kuwa shule yao haikuwa na mwalimu, na wa tatu anakizungumza bila kusita lakini hajawahi kukiandika.

Wengi wetu huanza na orodha ya ngeli ubaoni, tukiziimba kutoka A-WA hadi MU. Mimi nimeacha. Naanza na aya moja ya mwanafunzi mwenyewe, na sarufi yote ya muhula inatoka humo.

Hatua ya 1: Omba aya, na uchague mada kwa hila

Siku ya kwanza, kila mtu aandike sentensi nane kueleza jinsi rolex inavyotengenezwa. (Kwa msomaji wa ng'ambo ya mpaka: ni chapati iliyokunjwa pamoja na mayai ya kukaanga na mboga, chakula cha kando ya barabara ambacho kila mwanafunzi Uganda anakijua.) Mada hii ina faida iliyojificha. Hesabu nomino zake: mpishi, moto, unga, kitunguu, yai, mafuta, chapati, nyanya, chumvi, kikaango. Karibu ngeli zote unazohitaji muhula huu zimo ndani ya chakula kimoja.

Weka sharti moja: wasitumie "hu-" ya mazoea. Anayeandika "vitunguu hukatwa" amekwepa kazi, maana "hu-" haibadiliki kwa nomino yoyote na kosa halionekani. Mlazimishe aandike kwa "-na-", ndipo utakapojua anachokijua.

Utapata kitu cha namna hii:

"Mpishi anachukua unga na anaiweka kwa bakuli. Vitunguu inakatwa ndogo ndogo. Mayai mbiri inavunjwa na inachanganywa na hiyo vitunguu. Mafuta ikiwa iko na moto anamwaga mayai. Chapati ikiwa tayali inawekwa juu. Inakuwa chakula muzuri sana."

Usiguse kalamu nyekundu. Aya hiyo ukiisahihisha yote, mwanafunzi ataona damu tu. Tumia herufi nne pembeni mwa mstari: U kwa upatanisho wa kisarufi, K kwa kitenzi, T kwa tahajia, M kwa mpangilio wa mawazo. Usimwandikie jibu. Ukimaliza rundo zima, angalia herufi ipi imetawala. Kwangu ni U, kila mwaka.

Hatua ya 2: Mrudishe nyumbani kwao akachukue upatanisho

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote.

Chukua Muganda aliyeandika "miti kubwa". Mwambie aseme kwa Luganda, yaani Kiganda. Atasema "emiti eminene" bila kufikiri. Mwulize mti mmoja: "omuti omunene". Andika chini yake: mti mnene, miti minene. Kisha "ekitabo ekirungi, ebitabo ebirungi", na chini yake kitabu kizuri, vitabu vizuri. "Omuntu omulungi, abantu abalungi": mtu mzuri, watu wazuri. Darasa hunyamaza kidogo, halafu mtu wa nyuma hucheka. Mnyankole, Msoga na Mtoro nao wanaweza kufanya zoezi hilohilo kwa lugha zao.

Kwa nini basi aliandika "miti kubwa", ilhali tangu utoto hajawahi kukosea jambo hilo kwa lugha ya mama? Kwa sababu Kiswahili alichokisikia ni cha sokoni, cha kituo cha polisi na cha kambini, ambacho kimepunguza ngeli hadi "kitu hii", "watu mingi", "mtoto yangu". Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, watu wengi wa kusini walikuwa wameshazoea kukisikia kwa mwenye bunduki, na Kiswahili cha kuamrisha hakina haja ya vivumishi. Kwa hiyo usimlaumu mwanafunzi kwamba Kiganda kinamharibu. Kiganda ndicho mshirika wako.

Kwa anayetoka kaskazini, njia ni nyingine. Kiacholi na Kilango ni lugha za Kiluo, Kilugbara kiko mbali zaidi, na zote hazina ngeli za namna ya Kibantu. Mteso wa mashariki naye ana kitu cha kushika: kwao nomino hubeba kiambishi cha jinsia, "ekiliokit" kwa mwanamume, "aberu" kwa mwanamke, "ikoku" kwa mtoto, kwa hiyo wazo la kwamba mwanzo wa neno unatawala si geni. Lakini usiwaweke watu hawa nyuma. Mara nyingi wanafunzi wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, ndio wenye masikio mazuri ya Kiswahili darasani, wamekisikia mpakani tangu utoto. Wanachohitaji ni mazoezi ya mdomo, mengi.

Zoezi lenyewe: andika ubaoni "Kitabu changu kizuri kimepotea." Elekeza kidole kwa mstari wa viti na utaje nomino mpya, mstari mzima ujibu kwa pamoja.

Gari: gari langu zuri limepotea. Magari: magari yangu mazuri yamepotea. Mkoba: mkoba wangu mzuri umepotea. Kalamu: kalamu yangu nzuri imepotea. Kalamu nyingi: kalamu zangu nzuri zimepotea.

Dakika tano mwanzoni mwa kila kipindi, muhula mzima. Usifundishe ngeli zote kwanza. Jozi tano zinatosha kuandikia (A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA, I-ZI), halafu uongeze U ya "unga" na "ukuta" wakishatulia. Viumbe hai vije siku yake: kijana huyu amefika, ng'ombe wangu amepotea. Na watauliza kwa nini tunasema "rafiki yangu" lakini "mwalimu wangu". Wape kama mazoea ya lugha, mwende mbele.

Hatua ya 3: Kata kitenzi ubaoni

Andika kitenzi kimoja kirefu na ukikate: a-na-vi-kat-a. Nani, lini, nini, tendo, irabu ya mwisho. Kisha warudi kwenye aya zao na kupiga mstari chini ya kila kitenzi, wakionyesha kwa mshale nomino inayokitawala. "Vitunguu inakatwa" hujirekebisha yenyewe mshale unapochorwa.

Ukanushaji pia umo nyumbani. Luganda "sisoma", Kiswahili "sisomi": kinachobadilika ni irabu ya mwisho tu. Tofauti ya "hakuenda" na "hajaenda", ambayo huwasumbua wageni wengi, Muganda anayo tayari katika "tannagenda". Sema tu: hiyo ndiyo "hajaenda".

Adui wa hatua hii ni "iko". "Mafuta iko na moto", "mimi niko na miaka kumi na tisa", "mwalimu iko?" Piga marufuku "iko na" katika maandishi kwa mwezi mmoja. Wataandika "mafuta yamepata moto", "nina umri wa miaka kumi na tisa", "mwalimu yupo?"

Hatua ya 4: L na R, kwa haraka

Katika Luganda, r huandikwa baada ya e na i, na l kwingineko. Ukijua hilo unaweza kutabiri makosa kabla hujakusanya madaftari: "mbili" itakuwa "mbiri", "habari" itakuwa "habali", "tayari" itakuwa "tayali", na "serikali" itaandikwa sawasawa kwa bahati. Waeleze kanuni hiyo wazi, kisha uwape jozi zinazoumiza: mahali na mahari, kalamu na karamu. Aliyeandika kwamba familia ya bwana harusi ilipeleka "mahali" hatasahau tena. Imla ya maneno kumi kwa wiki, na kila mtu aweke orodha ya makosa yake mwenyewe nyuma ya daftari. Zaidi ya hapo ni kupoteza muda.

Hatua ya 5: Aya iandikwe upya

"Mpishi anachukua unga, anautia maji na chumvi, kisha anaukanda. Vitunguu vinakatwa vipande vidogo vidogo. Mayai mawili yanavunjwa na kuchanganywa na vitunguu hivyo. Mafuta yakishapata moto, mpishi anamwaga mayai kikaangoni. Chapati ikishaiva inawekwa juu ya mayai, kisha vyote vinakunjwa pamoja."

Waulize sentensi ya mwisho ya awali, "inakuwa chakula muzuri sana", imekwenda wapi. Imeondolewa kwa sababu haielezi hatua yoyote. Huo ndio mlango wa kufundisha kwamba aya hubeba wazo moja, na kila sentensi isiyolihudumia itoke. Sasa waruhusu "hu-", waandike aya ileile kwa mazoea, waone jinsi inavyotulia.

Hatua ya 6: Kutoka aya hadi insha

Mada ya pili iwe ya ubishi. Natumia hii: je, bodaboda ziondolewe katikati ya Kampala? Hakuna asiye na maoni.

Kabla ya utangulizi, mwanafunzi aandike msimamo wake kwa sentensi moja kamili. "Bodaboda" si msimamo, na "faida na hasara za bodaboda" pia si msimamo. "Bodaboda zisiondolewe, bali zipangiwe vituo" ni msimamo. Chini yake aandike sababu tatu, kila moja sentensi kamili yenye kitenzi. Kila sababu itakuwa aya, na kila aya iwe na kitu alichokiona kwa macho: msongamano wa Paki ya Zamani (kituo cha teksi cha Kampala) saa kumi na mbili jioni, mgonjwa aliyefikishwa hospitali ya Mulago kwa pikipiki. Aya ya nne impe nafasi mpinzani na kumjibu. Utangulizi uandikwe mwisho, kwa maana hapo ndipo anapojua anachokitambulisha.

Mimi siruhusu insha ianze kwa methali. Najua sekondari walifundishwa hivyo, na baadhi ya watahini wanaipenda. Lakini insha arobaini zinazoanza na "Wahenga hawakukosea waliponena" humlaza msomaji kabla ya hoja ya kwanza.

Viunganishi vinne vinatosha mwanzoni: ingawa, hata hivyo, ilhali, kwa sababu hiyo. Akitumia "vilevile" mwanzo wa kila aya, mwombe aondoe zote na aone kama hoja bado zinashikana. Zisiposhikana, tatizo ni mpangilio. Angalia pia Kiingereza kilichovaa kanzu: "katika maoni yangu" iwe "kwa maoni yangu", "kufanya uamuzi" iwe "kuamua", "mwisho wa siku" iwe "hatimaye" au ifutwe.

Hatua ya 7: Kusahihisha bila kufa

Darasa kubwa haliwezi kusahihishwa lote kila wiki. Kabla ya kukusanya, wanafunzi wasomeane kwa sauti wawiliwawili. Sikio hukamata "watu mingi" ambayo jicho limeipita. Kisha chukua mistari miwili tu ya viti kwa wiki, kwa zamu, na katika kila insha shughulikia mambo mawili: hoja, na kosa moja la sarufi linalojirudia.

Kuna pia simu, inayoweza kumwandikia mtu insha nzima. Utapokea insha isiyo na kosa kutoka kwa mtu ambaye juzi aliandika "kitu hii". Usianze kumshtaki mbele ya wenzake. Mwite mezani, mwombe asome aya yake ya pili kwa sauti, kisha aigeuze papo hapo kutoka wingi kwenda umoja: "waendesha bodaboda wanaolipa kodi zao" iwe "mwendesha bodaboda anayelipa kodi yake". Aliyeiandika mwenyewe ataigeuza, hata kama kwa kusuasua. Aliyeshindwa mpe karatasi tupu na dakika ishirini, na usahihishe hiyo.